Maji Unayasikia Kushoto

Bi. Zawia Shekiondo alibisha hodi kwenye ini lake mwenyewe.

"Hodi humu!" alisema, amesimama mlangoni mwa Kuba, chumba cha duara ambamo picha za mwili hutandazwa, kandambili mkononi, mtandio umemkalia upande. Wagonjwa wote pale hospitali ya milimani waliambiwa si lazima kuvua viatu, ile ni sakafu kama sakafu nyingine. Lakini tangu Kuba ijengwe hajatokea hata mmoja aliyeingia na viatu. Walivua wenyewe, wakaviweka nje ya mlango, viwili viwili, kama watu waliokuja msibani.

"Karibu, mama," alijibu Siwatu kwa niaba ya ini. "Pita ndani, ni kwako."

"Najua ni kwangu. Ndiyo maana nabisha. Nitajuaje nani kahamia tangu siku ile?"

Siwatu Kombo alicheka, akamshika mkono wakaingia. Yeye alikuwa mpatanishi, na cheo hicho hapa hakikuhusu ndoa za watu wala mipaka ya mashamba. Alipatanisha picha mbili za ini moja: iliyopigwa kabla sindano ya moto haijaingia kuchoma uvimbe, na iliyopigwa sindano ilipokwisha kutoka. Ukiambiwa hivyo utadhani ni kazi ya dakika mbili. Thubutu! Ini halitulii. Mtu akivuta pumzi linashuka, akiitoa linapanda, na mahali palipochomwa husinyaa kama nyama yoyote inavyosinyaa jikoni. Picha ya pili haikubali kukaa juu ya ile ya kwanza. Programu iliyoitwa Sanjari ilizisogeza, ikazivuta huku na huku, lakini mwisho ilihitaji mtu wa kuiambia: njia panda hii ya mishipa, katika picha hii, ndiyo ile pale katika picha ile.

Taa zilififia, ini likatandazwa.

Lilianza miguuni, likaenea taratibu hadi ukutani, vilima vya rangi ya kahawia vilivyolala kimoja nyuma ya kingine, na juu yake ukungu mwembamba. Ukungu ule ulikuwa mahali picha ilipokosa nguvu, lakini Sanjari haikupenda kuacha matundu, ikauchora kama ukungu. Nje ya madirisha madogo ukungu wa kweli wa Usambara ulikuwa umeegemea vioo, na kwa muda mtu hakujua upi wa ndani na upi wa nje. Chini, katikati ya vilima, njia zilimetameta buluu: mishipa iletayo damu kutoka tumboni. Na damu inayoondoka kwenda moyoni haikuchorwa kabisa. Ilisikika tu. Shhh, shhh, mahali fulani bondeni, mto usioonekana.

"He!" Bi. Zawia alisema kwa sauti ndogo. "Hivi kweli vyote hivi vimo ndani yangu, na mimi nahangaika na goti."

Walitembea. Hatua moja mle ilikuwa milimita moja ya mwili. Kila njia ilipogawanyika palining'inia jina, herufi nyeupe zinazopepea kidogo: Kwa Fundi Saguti. Msikitini. Shimo la Mchanga. Mashine ya Kusaga. Yalikuwa majina ya kijiji cha Kwembazi, alikotoka Bi. Zawia, na aliyeyatundika ni yeye mwenyewe, siku ile ya picha ya kwanza, alipotembezwa kabla ya kuchomwa. Asubuhi ya leo Siwatu aliyahamishia kwenye picha ya pili.

Huo ulikuwa ubunifu wa Siwatu. Miaka tisa nyuma, binti wa Ngamiani aliyezoea mji tambarare, alikuwa akipotea ndani ya maini ya watu mpaka anataka kulia, maana yote yanafanana. Siku moja akamwambia mgonjwa, mzee, tafadhali nielekeze njia ya nyumbani kwako, nami nitazipa hizi njia majina. Mzee akaelekeza. Siwatu hakupotea. Na mzee, aliyekuwa akitetemeka tangu asubuhi, akaacha kutetemeka. Basi ikawa desturi. Mafundi wa Sanjari walicheka kwanza, baadaye wakaandika kanuni, na Siwatu aliifuatilia mpaka wizarani Dodoma: jina lililowekwa kwa mkono wa mpatanishi linashinda hesabu ya mashine.

"Haya, tumefika," alisema Siwatu. "Angalia, mama. Hapo ndipo uvimbe ulipokuwa."

Palikuwa peusi, pametulia kama jiko lililomwagiwa maji. Kupazunguka pale peusi kulikuwa na pete ya kijani, pana, nzuri, inayoangaza taratibu. Moto ulitakiwa uvuke mpaka wa uvimbe kwa milimita tano kila upande. Ulipovuka, Sanjari iliweka kijani. Usipovuka, nyekundu. Isipoona vizuri, kijivu. Leo kijani kilizunguka chote, bila pengo.

"Ndiyo kupona huku?" aliuliza Bi. Zawia.

"Ndiyo, mama."

Bi. Zawia alitembea juu ya kijani kile polepole, akikikanyaga kwa kisigino kama anayekagua sakafu mpya. Akafika chini ya jina la Mashine ya Kusaga. Akasimama. Akageuza kichwa huku, akakigeuza na huku.

"Hapa ni wapi?"

"Mashine ya kusaga. Si imeandikwa, mama?"

"Naona imeandikwa. Nauliza hapa ni wapi."

Siwatu hakuelewa.

"Maji," alisema Bi. Zawia. "Mtu akisimama mashine ya kusaga, maji anayasikia kushoto. Ule mtaro aliuchimba mume wangu, Mungu amrehemu. Nimesimama pale miaka thelathini na mbili, unga umenijaa puani, maji kushoto. Siku ile uliponileta yalikuwa kushoto, ndiyo maana nikakwambia mashine iko hapa. Leo yananijia mgongoni."

"Ni zile dawa za usingizi, mama. Bado zimo kichwani."

"Labda," alisema Bi. Zawia, akabaki akisikiliza kidogo. Kisha akatabasamu, maana leo hakutaka ugomvi na mtu. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Sanjari ikatoa cheti cha kupona, kikateleza kutoka ukutani kikiwa bado na joto. Mwenye cheti hicho hupumzishwa kupigwa picha miaka miwili, kwa kuwa mashine ni moja na milima ni mingi. Bi. Zawia alikishika kwa mikono yote miwili, akakibusu.

*

Wali maharage ulipoa kwenye sahani. Siwatu alikaa kantini akiutazama, na kila alipoinua kijiko alisikia maji.

Alijua yanatoka wapi. Miaka minane ya kwanza, kila mgonjwa alipotundika jina, Siwatu aliuliza: na maji hapa unayasikia upande gani? Akaandika. Kulia, kushoto, mbele, hamna. Alijifunza hilo kwa watu wa milimani wenyewe, ambao hawawezi kukuelekeza hata chooni bila kukutajia maji yako upande gani. Moto ukishachoma, njia husinyaa na kusogea, lakini mto ule mkubwa hauhami kirahisi. Jina na maji vikikubaliana, umepatanisha. Visipokubaliana, rudi uangalie.

Halafu masika ya mwaka jana hospitali mbili za bondeni zilifungwa, foleni ikafika mpaka kwenye ngazi, na Siwatu akaanza kusema, "Maji tuyaache, mama. Nipe njia tu."

Hata Bi. Zawia, Siwatu alimwambia hivyo hivyo. Sasa alikumbuka vizuri: mwanamke wa watu amenyoosha mkono, amefungua kinywa kusema *na maji*, na yeye akamkatiza, huku akitazama saa.

Alisukuma sahani. Alirudi Kuba, akavua viatu, akaliita lile ini.

Alianza kufuta majina. Kwa Fundi Saguti likazimika. Msikitini likazimika. Shimo la Mchanga. Kila moja lilipoondoka vilima vilikuwa vilima tu, visivyo na mtu, na ukungu ukashuka zaidi. Alipofuta la mwisho, pete ya kijani ilipauka upande mmoja, ikawa kijivu. *Sina hakika*, iliandika Sanjari, kwa adabu yake ileile.

"Wala mimi," Siwatu aliiambia.

Basi akafanya kama zamani. Aliita picha ya kwanza, akafumba macho, akasimama kwenye kila njia panda akisikiliza, kisha akaandika. Halafu akaita picha ya pili, akafumba tena. Kwa muda alikuwa Kwembazi, mahali asipowahi kukanyaga. Alipita kwa fundi, maji kulia. Alipita msikitini, maji kulia, mbali. Penye shimo la mchanga maji yalipotea kabisa, kama katika picha ya kwanza. Alifika pale alipokuwa ametundika Mashine ya Kusaga. Maji yakamjia mgongoni.

Aliendelea mbele akiburuta miguu. Hatua moja, mbili. Tatu. Nne, tano. Ya sita ilimfikisha kwenye njia panda nyingine, iliyosinyaa mpaka ikakaribia kufa, ambayo asubuhi aliipita bila kuitazama mara mbili. Na maji hayo hapo, kushoto, karibu kabisa, kiasi cha mtu kuchota.

Alifumbua macho, akatundika jina.

Vilima vilijivuta. Pete yote iliteleza pamoja navyo, taratibu, kama mkeka unaovutwa chini ya mtu aliyelala, na ilipotulia kulikuwa na ukanda mwekundu mwishoni mwake. Upana wake hatua tatu, urefu hatua tisa. Ndani ya mwili wa Bi. Zawia ni kitu kama punje ya mchele. Nyuma yake, karibu sana, ulipita uzi wa manjano, mfereji wa nyongo.

Siwatu akakaa chini. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Aliogopa pia, tena haraka haraka alianza kuhesabu, maana hakuwa mjinga: wangapi wengine, tangu masika, aliwaambia maji tuyaache?

Kumi na saba.

*

Daktari Eliapenda Mbwambo alikuwa ofisini anakula matunda damu, zile plamu za milimani, mbegu akizipanga ukingoni mwa dirisha. Alikuwa Mpare, mpole, mikono yake mikubwa kuliko kazi yake. Aliutazama ule ukanda mwekundu kwenye kioo cha mezani kwa muda mrefu.

"Inaweza kuwa nyama nzuri tu," alisema. "Nyekundu maana yake moto haukufika vya kutosha. Si kwamba uvimbe umebaki."

"Inaweza."

"Na inaweza isiwe."

"Ndiyo, daktari."

"Nikirudi kuchoma hapo, nyongo iko pale pale. Mfereji ukiungua, mtu ameharibika. Kati ya watano nitamuunguza mmoja, hata nikiwa nimeamka vizuri." Aliweka mbegu nyingine dirishani. "Cheti kimeshatoka?"

"Kimetoka. Kakibusu."

Daktari alifuta vidole. Hakukasirika, na Siwatu alitamani akasirike.

"Dada Siwatu, nikuulize. Hao kumi na saba wako wapi saa hizi?"

"Makwao."

"Makwao. Wanakula, wanalala, wanagombana na wake zao. Watu waliokuja hapa wakiwa wameshajihesabu wafu. Huenda wote kumi na saba ni wazima kabisa, maana hukukosea kila mara. Wewe utapita ukiwagongea mmoja mmoja kwenye usingizi huo mzuri, uwaambie amkeni, sina hakika?"

Siwatu alizihesabu mbegu zile dirishani.

"Na kule Dodoma wakijua, majina wanayafuta. Kanuni yako uliyoifuatilia mpaka huko, basi. Watasema mkono wa mtu umekosea, iachieni mashine."

"Mashine nayo ilisema haina hakika."

"Hilo halitawekwa kwenye barua." Alisimama, akaenda kutazama ukungu. "Ukimwambia yule mama, na akitaka, nitamchoma kesho asubuhi. Usipomwambia, mimi mchana huu nilikuwa nakula matunda. Sijaona kitu."

"Kumbe nawe unaogopa," Siwatu alisema, na neno likamtoka kabla hajalipima.

"Sana," alijibu daktari.

*

Bi. Zawia alikuwa kibarazani, mzigo umefungwa kwa kanga, cheti kimo kwenye mfuko wa nailoni kisipate unyevu. Mpwa wake angefika saa kumi kwa kiti cha kamba kinachopanda kutoka bondeni. Viti vilitokeza kwenye ukungu kimoja kimoja, vitupu, vikageuka, vikazama tena bila sauti.

"Umekuja kuniaga," alisema, akapigapiga benchi. "Kaa. Nilipitiwa na usingizi hapa hapa, nikaota nasaga. Unga ukatoka mweupe, nikausikia joto lake mkononi. Tangu niugue ile mashine haijazunguka. Watu wa Kwembazi wanabeba mahindi mpaka ng'ambo, mwendo wa saa mbili, na wengine ni vikongwe. Nikifika, kesho kutwa nafungua mtaro."

Siwatu alikaa. Ilikuwa rahisi mno. Angesema safari njema, mama, na yule mama angepanda kiti, angepotea kwenye ukungu akiwa mwenye furaha kuliko binadamu yeyote aliyemwona mwaka ule. Huenda na ile punje ilikuwa nyama nzuri tu. Huenda angeishi mpaka achoke. Ukweli ni kwamba Siwatu aliliona lile neno, safari njema, limekaa tayari mdomoni, na alilitaka. Alikitazama kiti kimoja kinakuja, kingine kinakwenda. Akaitazama mikono ya Bi. Zawia, kucha zenye weupe usiotoka, na akajua hawezi.

"Mama," alisema. "Maji yako kushoto."

Bi. Zawia aligeuka, akamtazama.

"Nimerudi nikasikiliza. Ulichosema ni kweli. Jina niliweka pasipo pake, hatua sita nyuma. Nilipolirudisha mahali pake, kuna sehemu haikufikiwa na moto. Ndogo, kama punje ya mchele."

"Nilikwambia."

"Uliniambia, mama."

"Nilikwambia, ukaniambia dawa za usingizi." Hakupaza sauti. "Nami nikajiona mzee mjinga. Nimesimama ndani ya ini langu, naambiwa sijui mashine yangu iko wapi."

"Nisamehe, mama."

"Ngoja kwanza, usinikimbize kwenye samahani. Ningekufa?"

"Labda. Sijui. Miaka miwili hakuna ambaye angekutazama tena."

"Na wewe ungekuwa hapa, unawapa watu majina."

Siwatu aliinamisha kichwa, machozi yakamdondoka kwenye mapaja, akayaacha. Akamweleza yote, moja baada ya jingine: ule mfereji wa nyongo, mmoja kati ya watano, na kwamba anaweza pia kukaa hivyo hivyo, apigwe picha baada ya miezi mitatu, wangoje waone. Hakupunguza kitu wala hakuongeza. Kiti kimoja kikaja kimebeba mtu, kijana mwenye kofia ya sufu, akapunga mkono kwa furaha. Alikuwa mpwa.

Bi. Zawia hakumpungia. Alichukua mfuko wa nailoni, akasimama nao.

"Nipeleke nikaione hiyo punje."

*

Safari hii hakubisha hodi. Alivua kandambili, akapita moja kwa moja.

"Leo sibishi," alisema. "Nimeshajua kuna mtu humu."

Ini lilitandaa. Majina yote yalikuwa yamerudi, kila moja na upande wake wa maji umeandikwa chini, kwa herufi ndogo. Walitembea. Fundi, kulia. Msikiti, kulia. Shimo la mchanga, kimya kabisa, hata hatua zao zilisikika. Kisha zile hatua sita, na Bi. Zawia akasimama chini ya Mashine ya Kusaga, akafumba macho, na uso wake ukalainika kama wa mtu aliyefika.

"Eeh," alisema. "Hapa ndipo."

Alipofumbua macho alikuwa amesimama kwenye wekundu. Aliuangalia kwa muda. Aliupima kwa hatua, tatu kwa tisa, akauzunguka, akaenda hadi kwenye ule uzi wa manjano, akachungulia ng'ambo yake kana kwamba kuna bonde.

"Huu ndio wa nyongo?"

"Ndio huo."

"Mwembamba."

"Mwembamba sana, mama. Unaweza kusubiri. Hakuna atakayekulaumu."

"Nisubiri niendelee kumsikiliza huyu?" Aliugusa wekundu kwa kidole cha mguu. "Hapana. Siwezi kusaga mahindi ya watu huku nasikiliza tumboni. Mwambie mtani wangu Mpare achome. Asubuhi. Na mkono wake usitetemeke, akiniharibu namfungulia kesi, hao si wanapenda kesi?" Akacheka, kisha kicheko kikakatika katikati, akajishika kifuani. "Naogopa, mwanangu. Nisikudanganye."

"Nitakuwa humu ndani muda wote. Nitamwelekeza kwa maji."

"Watakuachia?"

"Kesho wataniachia. Baada ya kesho sijui. Nimeshaandika barua, kila kitu nimekieleza."

Bi. Zawia alimtazama, na Siwatu hakujua kama ameshasamehewa au bado. Yule mama alijishusha taratibu, goti likilia, akakaa sakafuni pale pale katikati ya wekundu, miguu ameinyoosha, cheti amekitandika pembeni yake.

"Niko peke yangu?"

"Hapana. Wako wengine. Kumi na saba waliokwisha kupewa cheti kabla yako."

"Wanajua?"

"Bado."

"Sasa unanitazama mimi wa nini? Mimi nimeshaamka." Alinyoosha kidole kwenye simu iliyokuwa shingoni mwa Siwatu. "Piga. Hapa hapa, nikikusikia. Usije ukaenda huko nje ukapata maneno mengine."

Siwatu alifungua orodha. Jina la kwanza lilikuwa la Mzee Hemedi Sekao, mkulima wa kabichi, aliyeondoka pale masika ya mwaka jana akiwa amewashika mikono wauguzi wote, hadi mpishi. Simu iliita mara mbili. Upande wa pili kulikuwa na mbuzi, na mtu anapasua kuni, na redio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba! Nani huyo? Aaa, binti wa majina!" Sauti ilijaa furaha mpaka Siwatu akaisogeza simu kutoka sikioni. "Jamani, ni yule binti wa hospitali! Habari za huko? Mimi ni mzima kabisa, mwanangu, jana nimepalilia mpaka jioni!"

Siwatu aliirudisha simu sikioni. Chini, Bi. Zawia alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama kidogo upande wa kushoto, anasikiliza mto wake.

"Mzee," alisema Siwatu, "naomba unielekeze tena njia ya kwenda nyumbani kwako."

"He! Unakuja?"

"Nitakuja. Lakini kwanza nielekeze, tangu barabarani. Kuna kitu uliniambia siku ile nikakukatiza, na nadhani nimekukosea. Nitakueleza yote, hatua kwa hatua. Anza polepole, nami leo sitazami saa."

Redio ikazimwa. Panga la kuni likanyamaza, na kwa muda hapakuwa na sauti ila ya mbuzi, na ile ya maji ndani ya Kuba. Mzee akakohoa.

"Haya," alisema, na furaha yote ilikuwa imeshuka sautini mwake. "Ukishuka pale darajani, maji unayaacha kulia."

"Kulia," alisema Siwatu, akaandika.